Trekta la Kufungua Njia

Mkono wangu uliungua. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2018, saa nane mchana, kwenye uwanja wa muuza matrekta kando ya barabara kuu, dakika chache kutoka Euless, Texas, tunakoishi na mwanetu wa kiume. Niliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua, nikakiondoa upesi. Muuzaji, mzee mwenzangu mwenye kofia pana, aliniuliza shamba langu liko upande gani. Nikamjibu kwamba sina shamba. Natafuta trekta la kuondoa theluji.

Aliinua macho akatazama anga, ambalo halikuwa na hata kipande cha wingu.

"Bwana," akasema kwa adabu, "umechelewa au umewahi?"

Alikuwa anatania, lakini swali lile lilinichoma kuliko boneti.

Binti yetu na mumewe, wote wauguzi, wanaishi Minnesota, upande wa kaskazini, katika nyumba ya mbao nje ya mji mdogo. Kutoka barabara ya serikali hadi mlangoni kwao kuna njia ya udongo ya karibu nusu kilomita. Gari la wilaya husafisha barabara; njia ya kuingia kwa mtu ni juu yake mwenyewe. Majira ya baridi yaliyotangulia binti yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Asubuhi moja akaanza kuumwa, na theluji njiani ilikuwa imefika kiunoni. Mumewe alichimba kwa koleo mpaka mikono ikafa ganzi. Jirani mwenye trekta alifika saa sita nzima baadaye, kwa kuwa naye alikuwa amekwama kwake. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshatutoka. Daktari aliwaambia kwamba hata njia ingekuwa wazi, pengine isingebadilisha kitu. Hiyo "pengine" ndiyo niliyobaki nayo. Niliibeba kanisani, niliibeba sokoni, nililala nayo na kuamka nayo.

Mwezi wa saba binti alimpigia mama yake. Ana mimba tena. Januari, Mungu akipenda.

Mara ya kwanza tulikuwa tumetangaza. Mimi mwenyewe nilisimama katika ushirika wetu wa Waswahili hapa Euless nikatoa shukrani, watu wakaimba, akina mama wakaleta vitenge. Kisha ikanibidi nisimame tena mbele ya watu walewale. Sasa mke wangu akanikalisha jikoni, akafunga mlango.

"Safari hii hatusemi," akasema. "Si kwa mchungaji, si kwa mwanao, si kwa mtu. Mpaka mtoto alie."

"Na trekta?"

"Tafuta trekta. Ila usiseme kwa nini."

Nilikuwa na miaka sabini na mmoja. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa mwinjilisti wa usharika katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, nimefundisha kipaimara watoto ambao leo ni mababu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa subira. Nililifundisha vizuri. Sikujua kwamba nilikuwa nalifundisha kama mtu anayeeleza namna ya kuogelea akiwa amesimama ukingoni. Kuanzia siku ile ya jikoni sikuweza kukaa kitini hata nikamaliza kikombe cha chai. Nilizunguka maegesho ya magari ya nyumba zetu, ndege zikipita juu kwenda kutua, na kila ndege iliyoelekea kaskazini niliiona kana kwamba inakwenda huko na mimi nimeachwa.

Trekta, nilidhani, nalijua. Ujanani niliendesha trekta la misheni misimu miwili. Nilikusudia kulinunua kimyakimya. Lakini mwanangu alilitaja baada ya ibada, katika maongezi ya kuagana, na sisi si watu wa kumwacha mtu anunue trekta peke yake. Jumapili iliyofuata kulikuwa na kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa ofisi ya bima, mwenye moyo mkubwa na mapenzi makubwa zaidi ya utaratibu. Katibu alikuwa muuguzi Mkenya kutoka DeSoto, mama mwenye sauti ya kukata maneno, aliyeandika kila kitu kwenye simu kwa vidole gumba viwili.

"Agenda namba mbili," mwenyekiti akasema baada ya sala. "Ukubwa."

"Ukubwa wa nini?" katibu akauliza.

"Wa trekta. Binti yetu hawezi kupelekewa kitu cha kukatia nyasi. Watu wataona picha."

"Chairman, snow haiangalii picha."

"Wewe andika tu, katibu."

"Naandika. Watu wataona picha."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwinjilisti, hebu tueleze. Huko wanalima nini?"

"Wanalima mahindi. Lakini binti yangu halimi. Ni la theluji tu."

"Sawa, theluji. Na ikishayeyuka? Trekta likae bure miezi sita? Trekta sharti lilime, mzee."

Vichwa viliitikia kote chumbani. Hata changu kilitaka kuitikia, maana mtu aliyekulia tulikokulia sisi hawezi kulifikiria trekta bila jembe nyuma yake.

"Ningeomba tu tumalize kabla ya Novemba," nikasema.

"Haraka ya nini? Theluji inakuja kila mwaka. Hata tukimaliza mwakani tutaikuta."

Wakacheka, na mimi nikajilazimisha kutabasamu. Katibu peke yake hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye simu, akanitazama, kisha akamtazama mke wangu aliyekuwa akikunja leso yake ileile kwa mara ya nne. Akainamisha macho tena, akaandika kitu.

"Mengineyo?" mwenyekiti akauliza, kama ilivyo desturi kabla ya kufunga. Hakukuwa na mengineyo. Yalikuwepo, lakini yalikuwa yamefungiwa jikoni kwangu.

Kamati ilikutana Agosti, ikakutana Septemba mara mbili. Katikati ya vikao nilizunguka kwa wauza matrekta na daftari langu. Nilijifunza kwamba kuna bamba la chuma linalosukuma theluji pembeni, na kuna mashine inayoimeza na kuirusha mbali kama maji ya bomba lililopasuka. Nilijifunza kwamba kuna matrekta yenye kibanda cha vioo na matrekta yasiyo na kitu ila kiti. Kila muuzaji alinieleza jambo lake, na wote walikuwa watu wema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha trekta kwenye theluji. Niliporudi nyumbani mke wangu aliuliza, "Limepatikana?" nami nikasema bado, naye akahesabu miezi kwa vidole.

Mwanzoni mwa Oktoba mwenyekiti akatupigia simu kwa furaha. Amelipata. Lilikuwa kwenye ranchi moja ng'ambo ya Fort Worth: jekundu, nguvu za farasi sabini, tairi za nyuma zikinifika begani, na jembe la diski nne lilikuwa sehemu ya biashara. Tulikwenda na magari matatu. Nikiri ukweli: nililipenda. Lilifanana na lile la misheni kama ndugu wa tumbo moja. Nilipanda kitini, nikashika usukani, na kwa mara ya kwanza tangu Julai miguu yangu ikatulia. Tulilizunguka, tukaliwekea mikono, mwenyekiti akaomba sala ndefu ya baraka, katibu akapiga picha. Mwenye ranchi alivua kofia akasubiri kwa heshima mpaka tukasema amina.

Lilibaki jambo moja. Kamati iliazimia kwamba fundi alikague kwanza, na fundi aliyeaminika alikuwa Mkongomani mmoja wa Sharpstown, kule Houston. Angekuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki nyingine ijayo. Gari lake lina shida, kisha mteja, kisha mvua. Ile amani niliyoipata kitini ilikuwa imekwisha. Asubuhi ya Alhamisi nikamuaga mke wangu, nikapanda basi la kwenda Houston na picha za trekta kwenye simu, bila kumwarifu mwenyekiti.

Fundi nilimkuta uani kwenye maghorofa anakoishi, amelala chini ya gari la jirani, miguu tu ikionekana. Alitoka, akanipa kiwiko kwa sababu ya grisi, akaniingiza ndani. Mkewe alikuwa anapika sombe, kisamvu cha kwao, na harufu yake ilinikumbusha kwamba sikuwa nimekula. Nilimwonyesha picha. Alizivuta kwa vidole zikawa kubwa.

"Papa, hii trakta iko muzuri," akasema. "Kwa kulima iko muzuri sana. Mu tairi za nyuma walitia maji?"

Nilijibu kwa fahari kidogo, maana hilo nililijua. Hata kwenye misheni tulijaza maji katika tairi ili trekta liwe zito na kushika ardhi. Mwenye ranchi naye aliniambia hivyo hivyo.

"Maji mutupu?"

"Maji matupu."

Akageuka kuelekea jikoni. "Mama, kuya usikie. Muzee anataka kupeleka maji mutupu Minnesota."

Mama akachungulia, akatikisa kichwa na mwiko mkononi. Nikafahamu kwamba kabla ya kuhamia Houston walikuwa wametua North Dakota kama wakimbizi, na fundi alisafisha theluji kwenye uwanja wa magari wa hospitali kwa majira manne ya baridi.

"Kule ile maji itakuwa jiwe," akaniambia. "Utaendesha trakta juu ya mawe mbili. Na mazout, ile dizeli ya huku Texas, ya joto, itaganda ndani ya tangi kama mafuta ya kupikia. Na hii inasukuma na tairi za nyuma tu. Itazunguka pahali pamoja. Na hii kiti iko wazi. Nani atakaa pale?"

"Mkwe wangu. Akiwa kazini, binti yangu mwenyewe."

"Saa kumi na moja asubuhi, na upepo ya kule? Papa, huyu mutoto ni wa kuzaa wewe, ao ulimuokota?"

Mkewe akamkemea kwa Kifaransa. Mimi sikukasirika. Nilikuwa nimesimama, nikatambua kwamba nilikuwa nimesimama tangu nilipoingia, na kiti walichonipa kilikuwa bado kitupu.

"Kaa, papa," fundi akasema. "Kwa nini unakimbia hivi? Mwenyekiti aliniambia ni zawadi. Zawadi haikimbizwe."

Sijui ilikuwaje. Nilikuwa nimemficha mwanangu, nimewaficha watu ninaosali nao kila Jumapili, na sasa mbele ya mtu niliyemjua kwa nusu saa nikasema yote: koleo, saa sita, pengine ya daktari, Januari. Nilipomaliza nilihisi nimevunja agizo la mke wangu, na pia kwamba nimevuta pumzi.

Fundi alikwenda kwenye sinki akanawa mikono muda mrefu. Aliporudi hakutania tena.

"Na yeye mwenyewe anasema nini? Anataka trakta gani?"

"Hatujamuuliza. Ni zawadi."

"Hamujamuuliza." Akanisogezea simu yangu mwenyewe. "Mupigie."

Nilikuwa nimewauliza wauzaji wanne, kamati ya watu tisa, na mwenye ranchi. Sikuwa nimemuuliza mtu mmoja anayeishi mwisho wa ile njia. Kwetu mtoto hufanyiwa jambo na wazazi, kisha huarifiwa, ndivyo tunavyopenda. Nikapiga, nikafungua spika.

Alikuwa mapumzikoni kazini. "Baba, uko Houston? Unafanya nini Houston?"

Nikamweleza, nikianzia mwisho, nikarudi mwanzo.

"Baba," akasema, "mimi trekta nimeshalichagua tangu Agosti."

"Umelichagua?"

"Yule jirani aliyekuja siku ile. Anauza lile lake dogo. Lina kibanda na hita, mashine ya kurusha theluji iko mbele, sihitaji kugeuza shingo. Halina klachi, unakanyaga tu mbele au nyuma. Nilikwenda nikakaa ndani, nikaweka mto tumboni wa ukubwa wa mimba ya Januari. Usukani haunigusi."

Nilimtazama fundi, naye akainamisha kichwa kukubali.

"Nilitaka kukwambia," akaendelea. "Nikaogopa utaona nakuomba, baada ya aibu ya mwaka jana."

"Aibu ilikuwa ya nani, mama?" nikamuuliza. "Haikuwa yako."

Fundi akainama karibu na simu. "Binti, muulize jirani kama iko na ile waya ya umeme ya kuchemusha injini."

"Ipo, papa," binti yangu akamjibu mtu asiyemjua. "Ipo kwenye kila trekta huku."

Fundi akanigeukia na kuinua mabega. Wakanipa sombe. Nilikula nimekaa.

Jumapili ile niliingia kikaoni na jambo gumu kuliko trekta. Nikaomba kamati iliache lile jekundu.

"Tumeliwekea mikono, Mwinjilisti," mwenyekiti akasema, na niliona ameumia kweli. "Tumeliombea. Sasa Mungu tunamwambia nini?"

"Tutamwambia asante, na kwamba tulikosea. Amewahi kusikia hayo kutoka kwangu."

"Na hilo unalolitaka wewe, nguvu zake ngapi?"

"Farasi ishirini na tano."

Kukapita mguno. "Ishirini na tano. Hilo si la kukatia nyasi? Mzee, kamati inahitaji sababu. Hatuwezi kuandika kwamba tumeacha sabini tukachukua ishirini na tano bila sababu."

Nilifungua mdomo. Mke wangu alikuwa amekaa mstari wa pili, leso mkononi, akinitazama. Niliyafikiria maneno mawili matatu ya kweli yasiyosema kitu, na yote yalikuwa membamba.

"Sababu iko kwa minutes," katibu akasema.

"Iko wapi?"

"Kikao cha kwanza kabisa. Mzee aliomba tumalize kabla ya Novemba." Akaweka simu mezani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Chairman, mimi nafanya kazi wodi ya akina mama. Mtu akinipa tarehe na asinipe sababu, mimi siulizi. Nawahi tu."

Mwenyekiti ana watoto watatu. Alivua miwani yake taratibu, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, na hakunitazama mimi wala mke wangu. Kwa wema huo namshukuru mpaka leo.

"Hoja imepita," akasema. "Farasi ishirini na tano wanatosha. Mengineyo?"

Hakukuwa na mengineyo. Kabla ya mwezi kwisha michango ilikuwa imemfikia jirani, na trekta lilikuwa kwenye banda la binti yangu, limechomekwa waya wake kama chungu cha umeme.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilitulia. Sikutulia. Siku ilipofika, mkwe wangu alituma maneno machache asubuhi: Ameanza. Theluji haijakatika tangu jana. Naenda kutoa trekta. Kisha kimya. Hapa Euless ilikuwa siku nzuri, watu wanatembea na mashati ya mikono mifupi. Mke wangu alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mimi nilizunguka maegesho. Nilijaribu kuomba, nikajikuta namuuliza Mungu kama walikumbuka kuweka mafuta ya baridi. Nikaona haya, nikaanza upya, nikarudi kwenye mafuta. Mwishowe niliyaacha maombi yawe hivyo, ya dizeli na waya na nusu kilomita, nikiamini kwamba anayajua matrekta pia.

Simu iliita saa tisa alasiri. Ilikuwa sauti ya binti yangu, ya chini, iliyochoka.

"Baba."

"Njia ilifunguka?"

"Ilifunguka. Baba..."

"Mara ya kwanza? Halikukwama?"

"Halikukwama. Baba, hutaki kuuliza ni mtoto gani?"

Mke wangu alinipokonya simu. Alisikiliza, macho ameyafumba, kisha akanishikia simu sikioni nisikie mwenyewe kile kilio chembamba, cha hasira, kisichokoma.

"Mtoto amelia," mke wangu akasema. "Sasa sema."

Nililitafuta kundi la kamati ya trekta, lililokuwa kimya tangu Oktoba, nikaandika: Mwenyekiti, samahani, nina mengineyo.

Katibu alijibu kabla ya watu wote. Neno moja tu: Naandika.